Dawa Ndani ya Kanga

Mama alishushwa ngazi kwenye kiti cha plastiki, majirani wawili wameshika miguu ya kiti, mimi nimeshika mgongo. Ghorofa ya tatu, Michenzani. Alikuwa hajakanyaga ardhi tangu kabla ya Ramadhani.

"Nabebwa kama maiti na huku naona," alisema, kila neno na pumzi yake. "Ipo siku ntapanda mwenyewe."

Majirani walicheka. Mimi sikucheka, maana namjua.

Kule kliniki, muuguzi, binti ambaye ningeweza kumzaa, alimpa shikamoo, kisha akaomba kitu ambacho mimi sikuwahi kukiomba: "Hebu bibi, nioneshe unavyotumia pampu yako ya kifua."

Mama akatoa kanga mkobani, akajifunika gubigubi, akabonyeza dawa mara mbili mle ndani, akatulia kama anayejifukiza mvuke wa mwarobaini. Tulimsikia akivuta kwa pua.

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu aniletee huyu."

Huyu ni mimi. Niliinunua Dar, nikamwambia, "Mama, hii unavuta kifua kikikubana," nikakimbilia boti. Mimi sikai mahali Ijumaa mbili. Mwaka mzima mama yangu alikuwa akiitibu kanga.

Muuguzi hakucheka. Alimweleza kwamba mapafu yake yamechakazwa na moshi wa kuni wa miaka mingi na hayatakuwa mapya tena, lakini yaliyobaki yanatosha kuishi vizuri akijua kuyatumia. Na kufukiza udi chumbani, basi. Hapo mama alinuna. Kisha akafundishwa: tikisa, toa pumzi yote, bana midomo kwenye pampu, bonyeza huku unavuta polepole, zuia pumzi kidogo. Na kwenye ngazi, atoe pumzi kwa midomo iliyokunjwa.

"Kama nnapuliza jiko la mkaa?"

"Hivyo hivyo, bibi. Ila taratibu, majivu yasiruke."

Siku ile alirudishwa juu kwa kiti. Safari hii nikabaki. Kila asubuhi alivuta dawa mbele yangu, akanikaripia nilipomhimiza.

Ijumaa ya tano alishuka mwenyewe, akanunua mchicha, akageuka kuzitazama ngazi. Jirani mmoja akakimbilia kiti.

"Kalia wewe," mama akamwambia.

Nilipanda nyuma yake, mchicha mkononi. Vidato vitatu, anasimama. Anakunja midomo, anapuliza. Ndipo nikauona mdomo uleule wa kule kwetu Bububu, utotoni mwangu, ukiamsha moto kwenye mafiga, macho mekundu, ili mimi nile kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani. Pumzi zote zile zilipita mbele yangu na sikuwahi kuziona kuwa ni kitu. Sasa kila moja ilinisisimua mwili. Nilijikuta nikizuia yangu mpaka yake itoke.

Mlangoni aliegemea fremu, akangoja kifua kitulie. Kisha akanitazama.

"Mbona unahema, baba? Lete huo mchicha."