Wimbo Uliobaki Chini ya Mvua

Miaka ya tisini nilikuwa na studio ndogo pale Kapsoit, karibu na Kericho, chumba kimoja cha mabati ambamo nilirekodi kwaya za makanisa. Dada yangu mdogo ndiye aliyeongoza uimbaji katika kwaya yetu. Alasiri tuliyorekodi wimbo wake mvua ilishuka, kama kawaida ya kwetu, na sauti yake ikazama katika kishindo cha mabati. Sikumwambia arudie. Nilikuwa na programu ndogo, ya kupachikwa ndani ya ile kubwa ya kurekodia, ambayo ilichuja kelele wimbo ukiendelea kucheza. Mvua ikatoweka masikioni, akabaki yeye, ingawa kwenye diski rekodi ilibaki na mvua yake.

Kanda iliyosafishwa hatukutoa. Kwaya zetu haziachii wimbo hata mmoja kabla ya harambee ya uzinduzi, na mgeni rasmi alikuwa ameahirisha tena.

"Huyo mgeni tutamzindua yeye kwanza," dada alicheka.

Kisha radi ikaunguza kompyuta yangu. Diski ilipona, nikaihamishia kwenye mashine mpya yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya aina nyingine. Sijamaliza hata kuizoea, nimonia ikamchukua dada.

Mama alitaka jambo moja tu: binti yake asikike akiimba mazishini.

Programu ndogo ikakataa kufunguka. Jambo hili lisikutishe, ni rahisi. Programu huandikwa kwa amri ambazo prosesa fulani inazielewa. Fikiria ng'ombe aliyezoea mkamuaji mmoja: mletee mwingine, hata awe hodari zaidi, atazuia maziwa. Ile programu kubwa ilikuwa imeandikwa upya kwa prosesa mpya. Ile ndogo haikuandikwa, na walioitengeneza walishaachana nayo. Nilizunguka Kericho mjini nikitafuta kompyuta ya aina ya zamani. Sikupata.

"Si wewe ni fundi?" Mama aliniambia. "Mtoe huko."

"Yumo, Mama. Kilichokuwa kinamfungulia ndicho kimekufa."

Mazishini niliucheza wimbo hivyo hivyo, na mvua yake. Jua lilikuwa kali, lakini watu waliinua macho kutafuta mawingu. Mama alisogeza kiti mpaka kwenye spika, akainamisha sikio. Mabati ya studio yakavuma kwenye spika mpaka mwisho.

"Bado hajaanza?"

"Ameimba, Mama. Amemaliza."

"Basi rudisha. Tungoje ipungue kidogo, ataimba."

Nikarudisha.