Mzungu wa mkonge aliyenifukuza kazi kaburini, akaenda kuwa mchekeshaji wa TV kwao

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, ingawa humu nadhani mmebaki wawili. Wengine nipeni yangu nianze.

Elimu yangu darasa la pili, herufi zikipinda vumilieni. Ila haya niliyaona kwa macho yangu. Anayedhani ni chai apande basi ashuke Mombo, aniulize mimi mwenyewe.

Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka kumi na tisa. Wenzangu wanapeperusha bendera, mimi namzika baba Kwamsisi. Mama na wadogo zangu wakabaki wananitazama mimi. Nikatembea hadi Korogwe kukata mkonge.

Mkonge hauna adabu, unachoma mpaka ukilala unauota.

Bahati nikachukuliwa jikoni kwa msaidizi wa meneja, kijana wa Kiingereza. Mrefu, magoti yanatangulia, mwili unafuata. Tulimwita Bwana Korongo. Kazi ya shamba hakuijua. Anatafuta kofia nyumba nzima, kumbe ipo kichwani. Akikuamrisha ni kama anakuomba radhi.

Jumapili kambini nilikuwa namwigiza. Watu wanagaragara. Yeye hajui.

Sasa akafa nyapara wetu, Mzee Mihayo, Mnyamwezi. Mimi Mzigua, mtani wake. Vijana, utani mnaoujua nyie ni wa kwenye simu. Zamani mtani wako akifa, wewe ndiye unayevuruga msiba. Usipovuruga, umemtukana marehemu.

Nikavaa koti la marehemu, nikaning'iniza filimbi yake, nikaingia kaburini kabla hajaletwa. Nikapuliza.

"Nani kachimba hapa? Limepinda! Rudia!"

Ndivyo alivyokuwa. Hakuna kazi aliyoipitisha mara ya kwanza.

Watu wakapasuka. Kumbe Bwana Korongo amekuja kutoa pole, tai nyeusi, uso umeiva kama pilipili.

"Toka humo, mshenzi! Kazi huna, kuanzia leo!"

Kicheko kikakatika. Nikaona unga wa mama yangu unamwagika.

Aliyenyanyuka ni mjane. "Bwana, mwache mtani wetu. Mume wangu asipochekwa leo, ataenda kama mbwa wa barabarani. Mwache amalize."

Korongo akatutazama mmoja mmoja. Sauti ikashuka. "Na mimi nikifa, nani atanifanyia hivi?"

Wakuu, mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. Nikamjibu, "Bwana, wewe tunakufanyia kila Jumapili, na hujafa."

Nyuma nikasikia mtu, "Huyu naye azikwe humo humo, tusichimbe mara mbili."

"Nionyeshe," akasema Korongo.

Nikatoka kaburini, magoti mbele. Nikatafuta kofia. Nikamwamrisha mjane huku namwomba radhi. Yule mzungu alicheka mpaka akakaa kwenye udongo na suruali niliyompigia pasi mwenyewe.

Kazi nikabaki nayo.

Tangu hapo kila jioni barazani ni hiyo: "Nifundishe mimi." Mtu anajifunza kuwa yeye! Akikosea goti nampulizia filimbi: "Limepinda, bwana! Rudia!"

Mashamba yalipotaifishwa akaondoka, akaniachia kofia. Mimi nikaenda kijiji cha ujamaa Handeni. Mchana shamba la wote (kuna waliolima na kuna walioegemea jembe, tunajuana), jioni naigiza vichekesho mikutanoni. Baadaye nikafungua hoteli Mombo, wali maharage kwa abiria.

TV zilipokuja nikatundika moja ukutani. Siku hiyo naona mzee wa kizungu anakatiza sebule, goti mbele, anatafuta kofia.

Ipo kichwani.

Huko ndani ya TV wazungu wanakufa kwa kicheko. Nikapiga kelele, "Huyo nimemfundisha mimi!" Abiria wakanijibu, "Mzee, lete chapati."

Miaka ikapita. Kuna binti wa Kiingereza alikuwa anajitolea hospitali ya Lutindi, Kiswahili anakijua, anakula kwangu. Nikamuuliza habari za yule bwana wa kwenye TV, anayetafuta kofia. Akatabasamu, kisha akainamisha kichwa.

"Babu, alishafariki. Kwetu nani hakumjua?"

"Msibani aliigizwa na nani?"

"Hakuna. Watu walivaa nguo nyeusi, wakakaa kimya."

Kimya! Mtu aliyechekesha nchi nzima!

Nikaingia chumbani, nikatoka na kofia kichwani. Goti mbele. Nikazunguka meza zote naitafuta, nawaomba radhi hata vijiko. Binti akajiziba mdomo, uso umeiva, sura ile ile ya Korongo siku ile. Halafu akapasuka, kicheko na machozi pamoja. Basi likapiga honi, hakuna abiria aliyenyanyuka.

Korongo aliuliza nani atamfanyia. Ni mimi.

Nilichojifunza: pesa tafuteni, lakini tafuteni na mtu wa kuwacheka vizuri siku ya mwisho. Waombolezaji wa kulia hawakosekani.

Leo nina hoteli Mombo. Nyumba mbili za bati. Shamba la mahindi Kwamsisi. Ng'ombe. Pikipiki ambayo mjukuu anaiua taratibu. Na kofia ya mzungu, hiyo siuzi.

Haya, semeni hapo chini, nyie mtaigizwa na nani? Mimi wangu nimeshampata, Mnyamwezi fundi baiskeli hapa jirani. Juzi kanionyesha mazoezi yake mbele ya wateja wangu.

Nimemwambia arudie.