Damu Hasi na Mwana wa Kwanza

Usiku ule nililala na hasira. Mchana kule kliniki nesi alikuwa ameniambia mbele za watu, "Baba, damu ya mkeo ni hasi, yako ni chanya. Inabidi achomwe sindano."

"Hasi? Sista, anayehasi mafahali wilaya hii nzima ni mimi. Mke wangu hahasiwi!"

Benchi zima likacheka. Nesi akanieleza kwamba hilo ni jina la kundi la damu tu. Mtoto akirithi damu yangu, damu ya mama yaweza kumwona mgeni. Wa kwanza mara nyingi hupita salama. Wanaofuata ndio hupigwa vita tumboni. Sindano ndiyo inayozuia. Sikutaka kusikia. Nikamshika Sabina mkono, na mimba yake ya kwanza, tukarudi nyumbani. Shule sikusoma, lakini zizi langu linajulikana mpaka mnadani, na nililijaza mwenyewe. Nani wa kunipangia?

Basi nikalala, na marehemu mama akaja.

Alikuwa zizini, ameshika plau. Yule mama alilima na maksai peke yake, na mwanamume wa kumfikia hakuwepo. Namtazama, na zizi si zizi tena, ni nyuma ya nyumba yetu ya zamani, penye vile vilima vidogo vya udongo. Wadogo zangu. Walizaliwa na macho ya njano kama binzari, wakazimika kabla ya kupewa majina. Watu wakasema karogwa. Mama alizika, akafunga maksai, akaenda shamba.

Sasa amekaa kati ya vilima, amewapakata wote, amewafunika khanga moja.

"Mama," nasema, "mimi nilibaki. Mimi chuma!" Hata ndotoni sikuacha kujisifu.

Anacheka kile kicheko chake cha puani. "Chuma! Hukupita kwa nguvu, baba. Ulipita kwa kuwa wa kwanza."

Nageuka, Sabina amesimama pale, mkono tumboni, anautazama ukingo wa khanga. Pana nafasi imebaki, ya mtoto mmoja. Mama anaikunja taratibu, anaikalia.

"Hapa sitaki mtu," anasema, na macho yake yananitazama mimi.

Nikaamka nimelowa jasho. Kumekucha, Sabina anakoroga uji.

"Vaa, twende kliniki."

Akageuka na mwiko mkononi. "Kuchomwa? Si mke wako hahasiwi?"

"Vaa, mama. Nimeambiwa."

"Na nani? Wewe huambiwi na mtu."

"Na mkweo," nikasema, natafuta viatu. "Na yule, hata mimi simbishii."