Uji wa Sajini

Harufu ya spiriti hunirudisha Makongeni, mtaa wa utoto wangu, hata kama nimeketi kwingine. Jana mjukuu wangu Nekesa alitoka kwa daktari wa mifugo na mbwa wake mzee, mikono inanuka spiriti.

Ngojeni niwaambie. Shule niliachia darasa la tatu, lakini jina la mtu halinipotei. Baba yangu Wafula alikuwa fundi wa mabehewa ya reli. Mbwa wetu Sajini alikuwa mkubwa kwangu kwa umri. Nilijifunza kutembea nimemshika masikio. Nilipofika miaka tisa, uvimbe ulimwota tumboni, ukakua hadi ukatoshana na ngumi ya baba.

Daktari wa mifugo, Karanja, alisema anaweza kupona akipasuliwa, au asiamke. "Mkikubali, mleteni kesho. Na asile kitu."

"Mzee kama huyu mnamfungua tumbo la nini?" mama akauliza. "Mwacheni aende mzima."

"Sasa tumtazame tu akioza?" baba akajibu.

Jirani yetu, Mama Atieno, alikuwa barazani akichagua maharagwe. "Wafula, wewe kung'olewa jino tu kunakutoa mbio, leo unampeleka mwenzako kwa kisu!"

Baba hakucheka. Alinigeukia. "Robai, wewe ndiye unalala naye. Sema."

"Apasuliwe," nikasema. Mama Atieno akaacha kuchagua maharagwe.

Asubuhi Sajini aliketi kizingitini, akakataa kutoka. Na kwetu, jamani, hakuna aliyeanza safari tumbo tupu. Hata mgeni wa kupita mama alimshika mkono mpaka anywe uji. Niliona baba anamnyima Sajini chakula kwa roho mbaya tu. Nikampeleka nyuma ya bomba la maji, nikammiminia uji wangu wa wimbi. Aliulamba wote, akalamba na vidole vyangu. Kisha akakubali kwenda.

Saa sita baba alirudi na kamba mkononi, ananuka spiriti.

"Ametapika akiwa usingizini, akapaliwa, hakuamka. Daktari ameniuliza kama alikula. Nikamwambia kwangu hakuna wa kunikaidi."

Mama alikitazama kikombe changu. Kilikuwa kimeoshwa, na mimi sikuwa mtoto wa kuosha vikombe bila kuambiwa. Akakifungia kabatini.

Mimi nilidhani ni uzee uliomuua. Miaka mingi baadaye nilipokwenda kupasuliwa mwenyewe, nesi Wanjiru aliniondolea chai mbele yangu. "Mama, ukinywa, itapanda ikuzibe pumzi." Nililia sana. Akanishika bega, akadhani naogopa kisu.

Jana Nekesa aliniuliza, "Shosho, nikubali mbwa wangu apasuliwe?"

Nilimwambia, "Hilo usiniulize mimi. Lakini ukikubali, jikoni nitalinda."

Amekubali, ni kesho asubuhi. Jioni hii mbwa wake ameketi miguuni pangu, anakitazama kikombe changu. Uji umeota utando juu. Nami sijaunywa, wala sijampa.