Meno ya Marehemu

Juzi nilipanda hadi kijiji cha wachoraji, juu ya kilima huko Makindye. Nilimkuta mjane wa askari amemletea mchoraji picha ndogo ya marehemu mumewe, kavaa sare, kakunja uso.

“Fundi, chora yeye anacheka.”

“Mama, meno ya mzee mimi sijaona.”

“Hata mimi. Weka ya kwako.”

Mchoraji akajichekea kwenye kioo, akachora. Mama alipoiona kazi akaangua kilio: “Huyu si yeye!” Kisha akaikumbatia kifuani, akateremka nayo kilima.

“Amependa ama amekataa?” mchoraji akaniuliza.

Hadi leo sijui. Nilipofika nyumbani nikajaribu kucheka. Mke wangu akaniuliza ninaumwa wapi.