Mikono ya Mdakaji

Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya watu na kusubiri waanguke. Siku alipomweleza mama yake hivyo, mama aliweka mwiko chini, akamtazama kama anavyotazama sufuria iliyoungua.

"Hata tai anasubiri hivyohivyo, mwanangu. Na yeye hajigambi kwamba ameajiriwa."

Ajira ilikuwepo, ingawa ya kutia huruma. Ukumbi wa jimnastiki nao ulikuwepo: banda refu la bati, magodoro ya buluu yaliyopasuka yakashonwa yakapasuka tena, harufu ya soksi na unga wa chaki. Katikati vilisimama vyuma viwili vya wasichana, kimoja juu, kimoja chini, na kati yake akasimama yeye. Binti akiteleza, alimpokea, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya mapaja, akamtua godoroni kama trei ya mayai. Wakamwita Mdakaji. Jina alilozaliwa nalo likasahaulika, hata na kocha aliyemwajiri.

Udakaji una ujanja wake. Binti akijifunza mruko mpya, mdakaji humwekea kiganja mgongoni. Wiki zinavyokwenda kiganja kinageuka vidole, vidole vinageuka kidole, kidole kinageuka hewa. Binti haambiwi mkono uliondoka lini. Anaruka akijua ameshikwa, kumbe zamani yuko peke yake. Kocha aliuita ujanja huo ualimu. Mdakaji aliuita uongo, na katika uongo huo alikuwa fundi asiye na mpinzani.

Ulimshinda kwa mtu mmoja tu.

Huyo walimwita Unyoya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, umri ambao mitaani mtu bado ni binti mbichi, lakini kwenye vyuma tayari ni bibi. Na ulimi wake haukuwa unyoya hata kidogo.

"Kidole chako bado kipo," alimwambia siku moja, akijipaka chaki viganjani.

"Kidole gani?"

"Usinifanye mtoto. Wenzangu wote umewaachia. Mimi bado naruka na kidole chako mgongoni."

"Mgongo wako mzito."

"Mgongo wangu, au moyo wako?"

Mdakaji akaenda kupanga magodoro yaliyokwisha kupangwa.

Mapenzi yakaanzia hapo, na hayakuwa na mashairi. Wengine hushikana mikono bustanini. Hawa walishikana kwenye sanduku la dawa: Unyoya akinyoosha viganja vilivyochunika, Mdakaji akikata ngozi iliyokufa kwa mkasi mdogo, akipaka mafuta, akifunga bendeji polepole kuliko kidonda kilivyohitaji. Wakakubaliana kuoana baada ya mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Kwa Unyoya ndiyo ilikuwa ya mwisho, maana mwenyekiti wa chama cha jimnastiki, mheshimiwa ambaye hajaonana na vidole vyake vya miguu tangu utotoni, alikuwa ameamua kwamba kuanzia mwaka unaofuata wenye umri ule ni wazee.

Kanuni ya mashindano ilikuwa fupi. Mdakaji anaruhusiwa kusimama chini ya vyuma, lakini akimgusa mchezaji, hata kwa ukucha, mchezaji anakatwa alama kama aliyeanguka.

"Kesho usiniguse," alisema Unyoya walipokuwa wakifunga ukumbi.

"Sikugusi."

"Hata nikianguka."

"Nikuache uvunjike?"

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi. Niachie angalau hilo."

"Haya. Naapa. Na wewe niapie hutaanguka."

Unyoya akacheka. "Hapo siwezi kuapa. Ndiyo maana inaitwa kuruka."

Kesho yake majaji waliketi mezani na nyuso za watu waliokalia misumari. Unyoya alipanda vizuri, akazunguka vizuri, kisha akaachia chuma cha juu. Kwa kitambo kile kifupi hakuwa wa mtu yeyote. Mdakaji aliona bega lake limeshuka kidogo. Macho yakamwambia, atakishika. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kazi kuliko yeye. Kiganja kikapanda kikamgusa mgongoni, palepale vidole vya Unyoya vilipofunga chuma.

Alikuwa amekwisha kukishika.

Alimaliza mchezo wote. Alitua miguu pamoja, kama aliyepigiliwa. Watu wakapiga makofi, maana watu hawakuona kitu. Majaji waliona. Akawa wa pili, na pengo lililomwangusha lilikuwa dogo kuliko alama alizokatwa kwa mguso ule. Mwenyekiti akawapongeza wote kwa kushiriki, akaenda kula.

Kocha alimvuta Mdakaji kando. "Akikuuliza, mwambie alikuwa anaanguka. Mambo yaishe."

Ushauri ulikuwa mzuri, na neno lenyewe lilikuwa moja tu. Unyoya alitoka chumba cha kubadilishia nguo na begi begani.

"Nilikuwa naanguka?"

Fundi wa uongo akafungua mdomo, akakuta zana zote zimemkimbia.

"Hapana. Ulikuwa umekishika."

Unyoya akatikisa kichwa taratibu, akaondoka.

Asubuhi alikuja ukumbini mapema, kabla ya watoto. "Simama pale pale. Mikono mfukoni."

Mdakaji akasimama. Unyoya akapanda, akazunguka, akaachia. Humo mifukoni ngumi zilisukuma kitambaa mpaka kikalia. Akakishika. Akatua. Furaha ilimpanda Mdakaji hadi kooni, kisha ikakumbuka kwamba leo si jana.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Jana pia ungeona."

Unyoya akaitoa mikono ile mifukoni, akaigeuza juu na chini. "Haina ubaya wowote," alisema. "Ila nikiolewa nayo, kila nitakaponyanyua mguu nitaisikia mgongoni."

"Nitajifunza."

"Umejifunza kwenye mgongo wangu muda wote huu, baba. Umefika kwenye kidole tu."

Hakurudi. Inasemekana anafundisha ukumbi mwingine, na kwamba wasichana wake huachiwa mapema.

Mdakaji yupo hadi leo. Kichwa kimekuwa cheupe, na wasichana hubishana kama ni mvi au chaki. Kwenye mazoezi mikono yake ni ileile, na trei ya mayai bado haijavunjika. Kwenye mashindano husimama chini ya vyuma mikono mfukoni, na wasiomjua hunong'ona kwamba mzee huyu ana maringo.

Akirudi nyumbani mama yake hupokea suruali ya mazoezi, huitia mkono, hukuta mifuko imetoboka tena kwa ndani. Hutafuta sindano, hulamba uzi, hushona.