Simu Iliyolala Dukani kwa Awadhi

Tangu saa mbili usiku Veridiana alikuwa amekaa kwenye baraza la duka la Awadhi, pale Newala mjini, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, sikio limeelekea mlangoni. Simu yake ilikuwa ndani, na Awadhi hulala humohumo. Habari ya binti yake Sabina, aliyepelekwa hospitali ya Ndanda jana yake kwa presha ya mimba, ingefika huko ndani kwanza.

Simu ilikuwa yake kwa theluthi mbili tu.

Mwaka ule ulisimamishwa mnara wa pili wa simu. Zamani kampuni ilikuwa moja na bei moja, watu wakilipa na kunyamaza. Sasa kila mwenye kibanda alikuwa mwalimu wa hesabu. Laini ya zamani inakata dakika nzima hata ukisema "haloo" peke yake. Laini mpya inakata kwa sekunde, lakini ukipiga mtandao mwingine inakunyoa bila maji. Veridiana, aliyeishia darasa la nne, alizunguka wiki mbili akisikiliza wenzake wakibishana. Nurdini aliuza simu elfu arobaini na tano, taslimu. Helena wa sokoni alikuwa anabadilisha, unampa simu kuukuu na kuongeza elfu kumi na tano, ila Veridiana hakuwa na kuukuu ya kumpa. Awadhi alitaka sitini, kwa awamu tatu za elfu ishirini.

"Elfu kumi na tano nzima ya juu, ya nini?" Ethel, jirani yake, alimuuliza.

"Ya kungojewa."

"Akungoje Awadhi? Huyo hata swala ya Ijumaa anaiona ndefu!"

Ila Veridiana aliamini anaijua biashara ya awamu. Miaka yote alipeleka magunia ya korosho kwenye chama cha ushirika, mzigo ukaenda, kisha akapata malipo ya kwanza, na ya pili Mungu akipenda. Kwa akili yake, kwenye awamu mzigo hutangulia. Akatoa elfu ishirini ya kwanza, akanyoosha mkono apokee simu. Awadhi akaiviringishia karatasi yenye jina la Veridiana, akairudisha rafuni.

"Mpaka awamu ya tatu, Mama Sabina. Mchana njoo utumie hapahapa, sikukatazi."

"Korosho natoa kwanza, hela naingoja. Simu, hela natoa kwanza, simu naingoja. Zamu yangu ya kupokea kwanza ni lini, baba?"

Dukani watu wakacheka, Awadhi naye akacheka, lakini simu haikushuka rafuni. Malipo ya kwanza ya korosho yalilipa awamu ya pili. Ya tatu ilingoja malipo ya pili, ambayo kwa wiki nne sasa yalikuwa yanatoka wiki ijayo.

Jioni ile, kabla duka halijafungwa, alikwenda kuomba. "Nilale nayo usiku mmoja tu, mwanangu."

"Mama, nikikupa wewe, kesho watakuja kumi."

Hakugombana naye. Mjukuu wake wa miaka miwili, mtoto wa kwanza wa Sabina, alikuwa na homa, ndiyo maana hakwenda Ndanda. Akamlaza kwa Ethel, akarudi kukaa barazani. Na Joel, mkwewe, aliyemsindikiza Sabina, walikwisha kupatana, maana vocha ni ghali na kubipu ni bure: bip moja, mama na mtoto wazima. Bip mbili, njoo.

Mvua ndogo ilipita. Baridi ya Newala ikampanda kutoka miguuni. Kama saa tisa hivi, nyuma ya mbao, simu ililia mara moja, ikakatika.

Veridiana akasimama. Asante, alisema moyoni, asante, asante. Aliziba mdomo kwa kanga asije akapiga vigelegele mtaani usiku. Alikuwa hajamaliza kushukuru simu ikalia tena, ikakatika.

Akabandika sikio mlangoni. Dukani zilikuwamo simu kumi na moja za watu zikichajiwa, na nyingi zina mlio uleule. Labda moja si yake. Labda zote mbili ni zake. Basi la Masasi, la kumfikisha njia ya Ndanda, huondoka saa kumi na moja alfajiri. Akagonga.

"Hodi! Awadhi! Hodi!"

"Nani?" Sauti ya usingizi, na ya woga.

"Mama Sabina."

"Shikamoo mama. Lakini sifungui."

"Marahaba. Fungua, baba."

"Mwezi uliopita wameibiwa watu hapa jirani. Usiku sifungui hata akija mama mzazi."

"Basi usifungue. Niangalizie tu simu yangu. Imelia."

Taa ikawaka chini ya mlango. Karatasi ikachakarika. "Kuna mbili. Moja ya Joel. Nyingine namba ngeni."

"Mbili," alisema Veridiana. Akaanza kukaza kanga kiunoni.

"Mama? Bado upo hapo? Kwani mbili maana yake nini?"

Alimweleza, paji la uso likiwa limeegemea mlango. Ndani vitufe vya simu vikabonyezwa.

"Yako haina salio," Awadhi alisema mwishowe. "Napiga kwa yangu." Ni mtandao mwingine, bei ya kunyoa, na wote wawili walijua. "Ya Joel haipatikani. Najaribu ile ngeni... Haloo? Joel yuko hapo? Mpe. Joel! Hapana, ngoja. Usiniambie mimi!"

Komeo la juu likalia, kisha la chini. Mlango ukafunguka wote, na Awadhi akasimama na msuli kiunoni, simu ameinyoosha mbele kama anayeshika kaa la moto.

Veridiana akaidaka. "Joel? Zote mbili ni zako?"

"Hesabu moja, mama! Betri iliisha, nikadhani haijafika, nikaazima ya mwenzangu nikabipu tena. Ni mtoto wa kike. Wazima wote wawili."

Veridiana akakaa palepale kizingitini. "Amekula?" aliuliza. "Amepewa hata uji?" Kisha akaziba simu kwa kiganja, akamtazama Awadhi. "Hii inakata kwa sekunde au kwa dakika?"

"Ongea, mama."

Akaongea. Upepo wa mvua uliingia dukani, ukapeperusha karatasi rafuni. Awadhi aliegemea fremu, mikono kwapani kwa baridi, na mlango hakuufunga.